Siku Moja ni Haki ya Nani?



Ndugu zangu katika imani, makala hii ilianza kama ugomvi mdogo chumbani kwetu hosteli, baada ya swala ya isha. Mimi nasomea tiba ya mionzi, mwaka wa tatu. Jioni ile nilikuwa nawasimulia wenzangu somo la asubuhi: kwamba siku hizi kuna wagonjwa wenye uvimbe mdogo kwenye pafu ambao hutibiwa kwa mionzi kwa kikao kimoja tu. Mtu anaingia asubuhi, jioni yuko kwake, na tiba imekwisha.

Mwenzetu anayesoma uchumi akasema, "Hayo ni mambo ya matajiri. Sisi tuzungumzie malaria kwanza." Mwingine, anayesoma sharia ya Kiislamu, akasema mgonjwa mwenye imani hahesabu siku, kila siku ya maumivu ni kafara ya dhambi zake, basi na avute subira.

Niliwajibu kwa hasira, na hasira si hoja. Walikuwa hawajui kwamba nilikuwa namfikiria mtu mmoja. Leo nataka kujibu tena, kwa utulivu, kwa sababu naona swali lenyewe linatuhusu sote na si wanafunzi wa udaktari peke yao. Swali ni hili: ni kitu gani kinachostahili kuamua mgonjwa akae siku ngapi mbali na nyumbani kwake? Na je, mtu mzima wa afya ana haki ya kumwambia mgonjwa avute subira?

Fundi wa Arua

Mjomba wangu alikuwa fundi cherehani mjini Arua. Alianza kukohoa, akakonda, jasho likawa linamtoka usiku. Kituo cha afya cha karibu wakampa dawa za kifua kikuu. Makohozi yake hayakuonyesha vijidudu, lakini dalili zilitosha. Akameza dawa miezi sita bila kukosa hata siku moja, maana alikuwa mtu wa kushika ahadi. Mwezi wa saba akatema damu.

Simlaumu mhudumu aliyempa zile dawa. Kosa la namna hii limeonekana katika nchi nyingi za Afrika. Saratani ya mapafu na kifua kikuu hufanana kwa dalili, na mara nyingine hufanana hata kwenye picha ya eksirei. Na kwa kuwa kifua kikuu ndicho tulichokizoea, ndicho kinachofikiriwa kwanza. Lakini kosa likiwa la kawaida haina maana kwamba halina gharama.

Akapanda basi la usiku kuja Kampala, karibu kilomita 500, akivuka Nile pale Pakwach na tena Karuma, akafika alfajiri na mfuko mmoja. Alipimwa kwa CT, akatolewa kipande cha nyama, majibu yakarudi: saratani. Uvimbe ulikuwa umeegemea njia kuu ya hewa, na tezi za katikati ya kifua zilikuwa zimeguswa. Daktari akapanga vikao 30 vya mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki sita.

Tukampangia chumba Kawempe ili awe karibu na hospitali. Kila kikao kilichukua dakika chache tu juu ya kitanda cha mashine. Zilizobaki katika siku nzima zilikuwa za kungoja, kupanda teksi, kutafuta chakula anachoweza kumeza, na kulala peke yake katika mji asioujua.

Ramadhani ikamkuta mwanzoni mwa wiki ya pili. Kila msomaji aliyekulia katika nyumba ya fundi anaelewa maana yake. Ramadhani ndiyo msimu wa fundi. Kanzu za Idd, magauni ya watoto, mapazia: mwezi ule mmoja hulipa ada ya shule ya miezi mingi. Wateja wake walianza kumpigia simu wakiuliza vitambaa vyao. Mwishowe alimwagiza kijana wake avirudishe vyote kwa wenyewe, kimoja kimoja, wakatafute fundi mwingine.

Wiki ya nne aliniambia anataka kwenda nyumbani. Nikamjibu kama nilivyosikia watu wakijibu maisha yangu yote: "Mjomba, vuta subira."

Akanitazama, akasema bila hasira, "Mwanangu, subira ninayo. Nauli ndiyo sina. Nikienda sitaweza kurudi."

Nilirudi hosteli, nikafuturu vizuri na wenzangu. Maneno yale hayajaniacha mpaka leo.

Kikao kimoja kinafanyaje kazi

Ili tulijadili suala hili kwa haki, lazima tuelewe tiba yenyewe. Mionzi huua seli za saratani, lakini ili iufikie uvimbe hupita kwenye nyama nzima. Ndiyo maana tangu zamani madaktari waliigawa kwa siku: kidogo leo, kidogo kesho, ili nyama nzima ipate muda wa kujitengeneza katikati. Kipimo chake huitwa grei. Mpango uliozoeleka kwa saratani ya mapafu iliyosambaa kifuani ni grei 60, zikigawanywa mara 30, grei 2 kila kikao. Hizo ndizo wiki sita za mjomba.

Mwaka 1951, Lars Leksell, daktari wa upasuaji wa ubongo nchini Sweden, alieleza wazo jingine. Badala ya kuigawa dozi kwa siku, igawanywe kwa njia. Miale mingi ipite kutoka pande nyingi, kila mmoja ukiwa dhaifu kiasi cha kutodhuru sana njiani, na yote ikutane mahali pamoja. Pale inapokutana, dozi ni kubwa. Nje kidogo ya hapo, inashuka haraka.

Kichwani wazo hilo lilifaa mapema kwa kuwa fuvu linaweza kushikwa lisitikisike. Pafu halishikiki. Kila pumzi linapanda na kushuka, na uvimbe unapanda na kushuka nalo. Ilibidi kungoja hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale Henric Blomgren na Ingmar Lax wa Stockholm walipobuni namna ya kumlaza mgonjwa ndani ya fremu maalumu na kulenga uvimbe wa kifuani na wa tumboni. Siku hizi mashine ya CT hupiga picha za uvimbe katika kila hatua ya pumzi, na kabla ya miale kuachiwa, picha nyingine huchukuliwa palepale kitandani kuhakikisha kwamba mgonjwa amelala kama alivyolala siku ya kupimwa.

Baada ya vikao vingi kupunguzwa kuwa vichache, ikaulizwa: je, kimoja kinatosha? Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha grei 34 kwa kikao kimoja na grei 48 kwa vikao vinne, kwa wagonjwa wenye saratani changa ya pembezoni mwa pafu ambao hawakuweza kupasuliwa. Australia na New Zealand nao waliwachunguza wagonjwa 90 ambao saratani ilitoka sehemu nyingine ya mwili ikaingia mapafuni, wakalinganisha grei 28 kwa kikao kimoja na grei 48 kwa vinne. Matokeo yakatolewa mwaka 2021. Katika tafiti zote mbili, madhara makubwa hayakutofautiana sana, na uvimbe ulidhibitiwa kwa viwango vinavyokaribiana.

Lakini tiba hii ina masharti. Uvimbe uwe mdogo. Uwe mbali na njia kuu za hewa, kwa kuwa dozi nzito karibu na njia hizo imewahi kuleta majeraha mabaya na hata vifo. Na saratani isiwe imeshafika kwenye tezi.

Nilimweleza mjomba haya yote jioni moja Kawempe. Alisikiliza kama fundi anayesikia habari za fundi mwenzake, kisha akasema, "Huyo wa siku moja lazima apime sana. Kitambaa ukishakikata hakirudi." Katika sentensi ile alikuwa amefahamu jambo ambalo mimi nilifundishwa muhula mzima. Anayetibu kwa vikao 30 akikosea leo anaweza kusahihisha kesho. Anayetibu kwa kikao kimoja hana kesho. Amana yote inakaa kabla ya miale: kwa aliyepima, kwa aliyepiga hesabu, kwa aliyehakiki hesabu ya mwenzake, na kwa aliyethubutu kusema "tusimame kwanza" hata kama mkubwa wake ana haraka.

Ukweli ulionisumbua

Sasa nikubali jambo lililoivunja hasira yangu ya kwanza. Lau mjomba angelala siku ileile, na uvimbe uleule, katika hospitali ya Stockholm, wasingempa kikao kimoja. Wangempa vikao vingi kama alivyopewa Kampala. Uvimbe wake ulikuwa mahali pabaya na ulikuwa umeenea. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba alinyimwa siku moja kwa sababu ya umaskini wa mashine.

Nilipofika hapo nilitaka kuacha kuandika. Baadaye nikaona kwamba nilikuwa natazama mlango usio wake. Tiba ya kikao kimoja haianzi kwenye mashine. Inaanzia siku ambayo mtu anakohoa na kuna mahali pa kupigwa picha ya kifua, na kuna mtu wa kuisoma, na kuna mtu wa kusema baada ya mwezi wa pili wa dawa, "Huyu haponi, hebu tutazame tena." Mjomba alipoteza miezi saba katika mlango ule. Hakuna atakayeweza kusema kwa yakini kwamba mwanzoni uvimbe ulikuwa mdogo. Ninachosema ni kwamba swali hilo lilistahili kuulizwa mapema, na halikuulizwa.

Tena tazameni mpangilio wa ajabu. Anayeishi katika mji wenye mashine bora anaweza kwenda hospitali mara 30 na bado akalala kwake kila usiku. Yeye ndiye ambaye uvimbe wake hugunduliwa mapema, naye ndiye anayepewa siku moja. Anayetoka mbali, ambaye kila siku ya ziada inamla mtaji, ndiye anayefika amechelewa, naye ndiye anayepewa wiki sita. Mwaka 2020, wakati wa korona, wataalamu wa Ulaya na Marekani walijadili jinsi ya kupunguza safari za wagonjwa wa mapafu kwenda hospitalini, na kikao kimoja kilikuwa miongoni mwa njia zilizozungumzwa. Walisema kila safari ni hatari na ina gharama. Wagonjwa wa Arua walilijua hilo kabla ya korona.

Basi jibu langu kwa swali la kwanza ni hili: idadi ya siku iamuliwe na ugonjwa. Isiamuliwe na mahali mtu anapoishi, wala na mfuko wake. Ugonjwa ukihitaji siku 30, mgonjwa apewe 30 na asaidiwe kuzibeba. Ukihitaji siku moja, asinyimwe hiyo moja. Haki haimaanishi kila mtu apewe idadi sawa ya siku.

Kwa ndugu yangu wa uchumi

Hoja yako ni nzito na siidharau. Shilingi ni chache na malaria inaua watoto. Lakini fanya hesabu pamoja nami. Tuseme kila kikao cha kawaida kinashika mashine kwa robo saa. Vikao 30 ni saa saba na nusu. Kikao kimoja cha dozi nzima, hata kikichukua saa moja na nusu, kinawaachia wagonjwa wengine saa sita. Katika nchi yenye mashine nyingi hilo ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi ya Uganda, iliyokuwa Mulago, iliharibika, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kupata nyingine. Anayekumbuka kipindi kile hawezi kuita saa sita za mashine anasa.

Zaidi ya hayo, mnyororo unaoishia kwenye kikao kimoja unaanza na eksirei ya wilayani na msomaji wake. Eksirei hiyohiyo ndiyo inayosaidia kumtambua mwenye kifua kikuu cha kweli. Ukiimarisha mwanzo wa mnyororo, umewatibu wengi hata kabla ya kufika mwisho wake.

Kwa ndugu yangu wa sharia

Ni kweli kwamba maradhi ni kafara kwa mwenye kusubiri; tumefundishwa hivyo na tunaamini. Lakini Mtume (s.a.w.) aliyetufundisha hilo ndiye aliyetuamrisha kutafuta tiba. Na Nabii Ayubu (a.s.), ambaye ndiye mfano wetu wa subira, alimwomba Mola wake kwa kuwa madhara yalikuwa yamempata, na Mola akamwitikia na kumwondolea. Kuomba nafuu hakukumtoa katika subira.

Subira ni amali ya mgonjwa mwenyewe, baina yake na Mola wake. Mimi niliye mzima sina ruhusa ya kumwagizia kama dawa ili nisalimike na wajibu wangu. Nilipomwambia mjomba "vuta subira", nilikuwa nimechukua ibada yake nikaifanya kisingizio changu. Yeye alikuwa na subira kuliko mimi. Alichokosa ni kile ambacho mimi na wenzangu tungeweza kukichanga kwa siku moja.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya Ulum al-Din aliihesabu elimu ya tiba kuwa ni faradhi kifaya, na akawashangaa watu wa zama zake waliojazana kwenye fiqhi huku miji mingine ikiwa haina tabibu Muislamu. Tunaijua hukumu ya faradhi kifaya: wakiitekeleza wa kutosha, dhambi inaondoka kwa wote, wasipopatikana, wote tunaulizwa. Nafikiri mwanafizikia anayepima miale, fundi anayeijua mashine ya mionzi ikikwama, na mtu wa kusoma picha za kifua wilayani, wote wamo ndani ya hukumu hiyo. Ukiwa mwaka wa kwanza na hujachagua fani, tia nia.

Wahenga wetu hawakuishia kwenye dawa. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Kairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu ili itibu bila malipo, na wanahistoria wanaeleza kwamba aliyepona alipewa kitu cha kumsaidia anapotoka, asilazimike kukimbilia kazi kabla ya kupata nguvu. Walielewa kwamba siku za mgonjwa zina bei, na kwamba mtu mwingine anaweza kuilipa.

Tunachoweza

Mimi na wenzangu wale wawili wa hosteli tumesameheana, na tumekubaliana jambo moja dogo. Tunataka jumuiya yetu ikodi chumba kimoja karibu na hospitali kwa mgonjwa anayetoka mbali na hana wa kumpokea, kiendeshwe kwa mchango wa kila mwezi wa wanachama. Mwenzetu wa uchumi atashika hesabu. Mwenzetu wa sharia ataandika masharti, ili fedha za sadaka zisichanganywe na mengine. Mimi nitakuwa wa kumpokea mgeni kituo cha basi alfajiri. Chumba kimoja hakitaondoa hata kikao kimoja katika vile 30. Kitaondoa kodi ya nyumba na upweke.

Na ninyi mtakaokwenda vituo vya afya vya mbali kufanya kazi: mkimwona mtu amemeza dawa za kifua kikuu na kikohozi hakiondoki, msimwongezee dawa kabla ya kuuliza tena.

Mjomba alimaliza vikao vyake vyote 30. Idd tuliswali pamoja Kawempe, tukala pilau ya kununua, akanirekebishia kola ya kanzu yangu kwa sindano ya mkono kwa sababu hakuweza kuivumilia ilivyoshonwa. Alirudi Arua na akaishi karibu mwaka mmoja zaidi, akashona msimu mmoja zaidi. Allah amrehemu na ampe kauli thabiti.

Ndugu yangu, ukienda kumtazama mgonjwa aliyetoka mbali, mwombee dua, mpe salamu, kaa naye. Kabla hujamwambia avute subira, muulize kama ana nauli.

Wabillahi tawfiiq.